Mbege Ilipopanda Bei Karatu

Neema, mjukuu wangu, alikuja Krismasi na chupa ndogo ya bia iliyobandikwa picha ya mkungu wa ndizi. Akasema inapikwa Arusha na vijana wachache kwenye jengo dogo, si kiwanda, na kwamba ndani yake kuna ulezi kama ule wa bibi zao. Nikamuuliza bei. Alipoitaja nilidhani ni ya kreti zima. Kumbe ni ya chupa hiyohiyo moja, na kwa hela ile sokoni Karatu ningekuchagulia jogoo mwenye upanga wake kichwani na bado ukarudishiwa chenji. Nikaonja. Si mbaya, ila aliyeipika hajapata kulijua gome chungu la msesewe, maana ilipita kooni bila kusema kitu.

Sasa Neema na wenzake wanataka kupika ya kwao hapahapa, wawauzie watalii wanaokwenda kreta. Walikaa sebuleni kwangu wakaniuliza jambo moja tu: "Bibi, watu watalipa kweli bei hiyo?" Nikawajibu kwamba watalipa. Wakafurahi, wakapiga picha na mimi, wakaondoka. Tangu siku ile nimekuwa nikinung'unika peke yangu, kwa sababu waliniuliza swali jepesi na mimi nikawapa jibu jepesi. Zito liko kwenye habari ya Mzee Lohay, jirani yangu wa zamani, na habari yenyewe haisimuliki mtu akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Ndiyo maana nawaandikia, wajukuu zangu.

Mimi ni mtu wa Rombo, mama yake Aloisi. Nilikuja Karatu mwanzoni mwa miaka ya sabini nikimfuata babu yenu, aliyekuwa fundi wa matrekta kwenye shamba moja la kahawa. Mshahara wake ulikuwa wa kuishia njiani, nami kazi niliyoijua ni ile ya mama yangu, kupika mbege. Kwa asiyejua, mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zichachuke, zikachujwa, halafu zikaunganishwa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe ndilo linaloipa uchungu. Ikishaunganishwa, kesho yake inanyweka, keshokutwa imekolea, na baada ya hapo ni ya kumwagia migomba. Ni biashara isiyompa mtu nafasi ya kusitasita.

Nilidhani ujuzi wa Rombo ungenitosha. Kwetu unaloweka ulezi, unaufunika kwa majani ya mgomba, na baada ya siku chache umeshaota mikia myeupe, tayari kuanikwa na kusagwa uwe kimea. Karatu nilifanya vilevile, mwezi wa ukungu, nikasubiri. Ulezi ukasubiri pamoja nami. Mwishowe ulioza ukanuka kama soksi za babu yenu akitoka kazini. Nikarudia, ukaoza tena. Nikaanza kuamini kuna mtu ananiroga.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kiiraqw, watu ambao sisi wageni tulizoea kuwaita Wambulu. Tulimwita Mama Tluway kwa jina la mwanawe mkubwa, na mumewe ndiye Mzee Lohay. Alikuja kuomba moto akanikuta nimeshika tama mbele ya gunia la ulezi niliouloweka upya.

"Ulezi wako unalala wapi?" akauliza.

"Jikoni."

"Na jiko likizimika?"

Akalibeba gunia langu mgongoni, akaenda nalo kwake, akalilaza juu ya samadi kavu pembeni ya ndama, kule ndani ambako joto la ng'ombe halizimiki usiku kucha. Aliporudi nalo siku chache baadaye ulezi ulikuwa umeota wote, punje kwa punje. Tangu hapo kimea changu chote kililala na ndama wa Mzee Lohay, na hakuna mnywaji aliyewahi kulalamika. Mkitaka kupika pombe ya ulezi huku kwenye baridi, hilo nawapa bure. Tafuteni joto lisilotegemea kuni wala umeme.

Gome la msesewe nalo lilinitoa jasho. Mara ya kwanza kupika hapa nilitia mara mbili ya kawaida, nikidhani baridi ingepunguza ukali. Watu wa kwanza kuonja walikunja nyuso kama watoto wanaonyweshwa mafuta ya nyonyo. Mzee Lohay alikuwepo. Alikunywa kata yake yote, kile kibuyu kidogo cha kupimia na kunywea, taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Mama Aloisi, hii ni dawa nzuri ya minyoo. Utuambie tu tunywe mara ngapi kwa siku." Watu walicheka mpaka wakasahau kukasirika, na pombe ile ikaisha kwa sababu ya utani wake. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Banda langu la kuuzia lilisimama kwenye pembe ya shamba lake, kando ya barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Babu yenu alipokwenda kuomba nafasi alijiandaa kwa maneno mengi ya kodi. Mzee Lohay alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kodi hataki. Alitaka jambo moja, kwamba kila pombe mpya ikifunguliwa, aifungue yeye, na kata ya kwanza iwe yake.

Kufungua kwenyewe ilikuwa hivi. Wairaqw wana dua yao ndefu wanayoiita slufay, ambayo mzee huitamka penye pombe kabla watu hawajanywa. Mzee Lohay alisimama na kata mkononi, mgolole begani, akaanza kutaja ardhi, mvua, ng'ombe, watoto, wageni waliokuja kwa amani na waliobaki njiani. Kila baada ya maneno machache watu wote waliitikia kwa mlio mmoja wa chini, vinywa vimefungwa. Mimi sikujua Kiiraqw zaidi ya kusalimia, lakini kuitikia nilijua, na kila mara nilisikia mlio ule ukipita kwenye mbao za banda mpaka kwenye nyayo zangu. Akimaliza anakunywa, anampa wa kulia kwake, na kata inazunguka. Baada ya hapo ndipo watu walianza kununua.

Siku hizo kata ilikuwa ya bei ya chini kabisa. Mtu mwenye sarafu moja alikunywa, na asiye nayo alikaa karibu na mwenye nayo. Kumpa Mzee Lohay kata ya kwanza ilikuwa kama kumpisha mtu kwenye benchi. Wala sikulifikiria.

Mambo yalianza kugeuka kidogokidogo. Huku juu ndizi za mbege ni chache, zangu zilitoka Mto wa Mbu, bondeni, zikapandishwa kwa lori kwenye kona za ule mteremko. Dizeli ilipoanza kuwa adimu, lori lililokuja kila wiki likawa linakuja likipenda. Siku likija, dereva alitaja bei ya mkungu huku akiangalia pembeni. Ukibisha, anakuambia wapo wengine Karatu wanaozitaka. Kweli walikuwepo. Mbivu haikai, nami nililipa.

Tena kulikuwa na hili. Wakati ule kila kitu kilipotea madukani, sabuni, sukari, hata kiberiti, na bia ya chupa nayo ikapotea. Ilikuja kwa mgao, ikagawanywa kabla haijashushwa. Walimu, makarani na madereva wa watalii, ambao zamani walipita mbele ya banda langu wakiwa wameziba pua, wakaanza kuingia mmojammoja. Jumapili ndiyo ilikuwa sikukuu yangu. Ikifika saa nane mchana magari yasiyo na kibali yalikatazwa kutembea, ili kubana mafuta, na madereva wa malori waliokwama Karatu hawakuwa na pa kwenda. Walikaa kwangu mpaka jua linazama. Walikuwa na hela na hawakuwa na kitu cha kununua nazo.

Hapo ndipo nilipojifunza biashara ya bei, na nitawaambia nilichojifunza kwa sababu kitawafaa. Kwanza, ukipandisha bei usiguse kipimo. Wenzangu walipandisha bei na kubadilisha kata kwa makopo, halafu wakatia nta chini ya kopo ili lijae upesi. Mnywaji anaweza kusamehe bei, kwa sababu bei anaitukania serikali. Kopo lenye nta anakutukania wewe na mama yako. Pili, pandisha siku ambayo pombe ni nzuri kupita kawaida, watu wakishaonja. Tatu, taja bei ukimtazama mtu usoni, usiitaje ukiangalia pembeni kama yule wa lori.

Mara ya kwanza nilipopandisha niliitaja bei nikaendelea kuchota. Nilisema moyoni kwamba leo watasimama wote waondoke. Walinung'unika, mmoja akaapa kwamba haji tena, akalipa, akanywa, na kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Ndizi zikapanda tena, nami nikapanda nazo. Nikapandisha mara ya tatu na ya nne. Kila mara nilingoja nione ni bei gani itakayowashinda, na kila mara ilikuwa ileile, wananung'unika halafu wanalipa. Babu yenu alisema jioni moja, akiwa anavua viatu, "Hawa wangeuziwa matope wangelipa, mradi yawe na povu." Sikucheka sana, maana matope yale nilikuwa nayapika mimi.

Sasa nije kwa Mzee Lohay, ambaye sikuwa nikimwangalia.

Yeye aliendelea kufungua pombe kama kawaida. Lakini siku moja, baada ya bei kupanda mara ya pili, alikuja na mzigo wa kuni. Akauweka nyuma ya banda, akasema ameangusha mti na kuni zimemzidi. Nikashukuru, kuni ni kitu. Nilipopandisha tena alikuja na asali kwenye kibuyu kidogo, akasema mizinga yake imefanya vizuri. Nikashukuru tena. Iliyofuata akaleta tetea mmoja mweusi, amefungwa miguu, na safari hii hakusema sababu. Nilipouliza, alijibu kwamba kwani mtu hawezi kumpa jirani yake kuku.

Nilikuwa mfanyabiashara hodari, wanangu, lakini hesabu ile ilinipita pembeni. Nilidhani mzee amekuwa mkarimu uzeeni.

Aliyenifungua macho ni Mama Tluway. Alikuja asubuhi nikiwa nachuja, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama Aloisi, hii pombe yako imepanda tena?"

"Imepanda, mama. Ndizi zimekuwa balaa."

"Basi Mzee wangu amefunga kondoo. Yule jike, mwenye mimba. Anasema Jumapili anakuletea."

Nikaacha kuchuja. "Kondoo wa nini?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto pale. "Wa kata yake," akasema. "Kuku hatoshi tena. Anasema watu wa benchi wanalipa noti, yeye hawezi kushika kitu cha noti bila kutoa kitu. Nimemwambia akae nyumbani, anakataa. Nimemwambia aje anywe tu, anakasirika. Tumebaki na kondoo wanne. Punguza bei, mama. Au mzuie."

Kupunguza bei sikuweza. Nisingeweza kununua mkungu unaofuata, na watoto wangu watatu walikuwa shule. Nilimwambia hivyo, akakubali kwa kichwa, naye alijua bei za vitu. Kumzuia ndiko nilikojaribu, na nilijaribu kwa njia mbovu kuliko zote.

Nilikwenda kwake Jumamosi nikamwambia kwamba bei imeshuka. Nikasema lori limepata dizeli, ndizi zimejaa Mto wa Mbu, sasa tumerudi karibu na bei ya zamani. Alifurahi kweli. Alimfungua kondoo mbele yangu, akampiga kofi dogo mgongoni akaenda zake malishoni. Nikarudi nyumbani nikijiona nina akili.

Jumapili alikuja mikono mitupu, mwepesi, akatania kila mtu. Alifungua pombe kwa slufay ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Wenyeji waliitikia vizuri. Madereva waliokuwa hawaijui walitazamana, wengine wakaangalia saa, lakini walivumilia. Kati yao alikuwepo Eliudi, dereva wa gari la watalii, kijana wa Machame, mtu wa heshima sana. Eliudi alimpenda yule mzee. Alikuwa ameguswa na dua ile, hata kama hakujua neno moja, na alitaka kumfanyia jambo jema.

Akaja kwangu na noti, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama Aloisi, hii ni ya kata ya Mzee. Na ya wiki ijayo, na inayofuata. Kwa bei hii ya sasa wazee wetu wataipata wapi?"

Mzee Lohay alikuwa hatua mbili kutoka pale, kata ikiwa bado mkononi mwake. Akamuuliza Eliudi, kwa upole, "Mwanangu, iko shilingi ngapi leo?"

Na Eliudi, ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya, akamwambia.

Mzee hakunigeukia. Aliitazama kata, ilikuwa imebaki nusu. Akainywa yote, kwa sababu kumwaga pombe iliyoombewa ni vibaya, akaifuta kwa kiganja, akanirudishia kwa mikono miwili. Alimwambia Eliudi asante. Kisha akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wake saa ile walikuwa bado malishoni.

Hakuja tena. Wiki iliyofuata nilikaa na pombe mpya mezani, watu wamejaa, nikatuma mtoto kumwita. Mtoto akarudi akasema Mzee anaumwa mguu. Wiki ya pili, mguu. Ya tatu nikaacha kutuma. Kuna mtu aligonga meza akasema, "Mama, tunasubiri nini?" Kweli, tulikuwa tunasubiri nini? Nikachota nikauza. Wazee wawili wa Kiiraqw waliokuwa wamekaa nyuma waliinuka wakatoka bila kunywa, na wengine wote wakanywa. Pombe iliisha mapema kuliko siku zote. Eliudi alikaa pembeni na noti yake niliyomrudishia, akaniuliza amekosea wapi. Nilimwambia hakukosea. Mpaka leo sioni alipokosea, na hilo ndilo linaloniuma. Kama kungekuwa na mtu mbaya katika habari hii ningemchukia nikapumzika.

Watoto wake wako mjini sasa, na kwenye lile shamba kuna nyumba ya wageni yenye bustani. Yeye na Mama Tluway wamelala huko nyuma, kwenye mteremko. Slufay siku hizi naisikia kwenye sherehe, inasomwa kwa kipaza sauti, na watu hawajui waitikie wapi. Najuta. Naliandika waziwazi kwa sababu ninyi vijana mnapenda hadithi za biashara ambazo mtu anashinda. Mimi nilishinda. Nilisomesha watoto watatu kwa mbege, nikajenga nyumba ya bati. Kila nilipopandisha bei niliangalia benchi nione nani ataondoka. Sikujua kwamba bei ikipanda kuna mtu ambaye kinachomwondoka si hela ya mfukoni, ni nafasi yake ya kupewa. Jueni hilo mtakapokuwa mnapanga bei zenu, na mkiwa na jirani wa namna ile, muwahini mapema, kabla hajaanza kuleta kuni.

Lakini sijamaliza. Baada ya kama mwezi nilijaza kibuyu changu kikubwa, kile nilichotoka nacho Rombo, kwa mbege ya siku ya pili iliyokuwa imekolea vizuri. Nikajitwisha nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa nje kwenye jua, anachonga mpini wa jembe. Mguu haukuwa na neno.

"Baba, nimekuletea."

"Karibu, Mama Aloisi. Iko shilingi ngapi sasa?"

Nikamwambia ya kweli. Ilikuwa imepanda tena wiki ileile.

"Imekuwa kitu kikubwa," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesifu ndama wa jirani.

Nikapiga magoti, nikaanza kueleza juu ya ule uongo, ndizi, lori, watoto. Akanikatiza kwa mkono.

"Ilipokuwa kitu kidogo, ulinipa, na mimi nikakupa maneno. Tukaachana, hakuna aliyebaki mdogo. Sasa nikikaa pale ukanipa kitu kikubwa kila wiki, mimi ni mtu wa kulishwa."

"Baba, mimi sihesabu."

"Wewe huhesabu. Wale wa benchi wanahesabu. Na mimi, hata nikijizuia, nahesabu."

Akasimama. Akamwita mkewe, Mama Tluway akatoka ndani akifuta mikono. Mzee akakishika kibuyu changu, kizito vile, akakiinua kidogo kutoka chini, akaanza slufay. Ilikuwa ileile, ya ardhi na mvua na watoto na wageni, na ndani yake nilisikia jina la Aloisi wangu na majina ya wadogo zake wawili. Walioitikia tulikuwa Mama Tluway na mimi, wanawake wawili tu, na tuliitikia mpaka mwisho. Nilikuwa nalia lakini sikukosea mahali pa kuitikia.

Alipomaliza, akanirudishia kibuyu. Hakuwa amekifungua.

"Onja basi, Baba. Kidogo tu."

"Ladha yake naijua," akasema. "Hiyo haijapanda bei." Akacheka kidogo, akarudi kwenye mpini wake. "Nenda ukauze. Ni njema, imeombewa."

Nikatoka na kibuyu kichwani. Sikuwa na nia ya kukiuza. Nilitaka kukifikisha nyumbani tu, nikiweke ndani, nikitazame. Nilipofika barabarani gari moja la watalii, tupu, lilikuwa linatoka upande wa lango. Likapunguza mwendo, likasimama. Dereva simjui, mgeni wa njia ile, uso umejaa vumbi jekundu. Akatoa kichwa dirishani akauliza kama hiyo ni mbege na kama nauza.

Nikamwambia siuzi. Akasihi, akasema ametoka Seronera, kule Serengeti, tangu alfajiri, na bia za chupa hazipo popote. Nikaona njia rahisi ni kumtajia bei ya kumfukuza. Nikataja bei ambayo hakuna pombe iliyowahi kuuzwa kwayo Karatu, wala bia, wala kitu chochote kinachoingia kwenye kibuyu.

Aliingiza mkono mfukoni akatoa noti, akazihesabu kwenye usukani, akanipa zote, nami bei nilikuwa nimeshaitaja. Akashuka, akanitua kibuyu mwenyewe kwa adabu, akakiweka kwenye kiti cha mbele. Alipowasha gari aliniambia kwamba hata ningetaja zaidi ya hapo angelipa.